Nafasi ya Ngoma ya Mama

Baba yangu alipoanza kupata nafuu, mimi niliingiwa na hofu. Najua si jambo la kusema mbele za watu. Mtoto mwenye adabu humwombea mzazi wake afya, na mimi nilimwombea, kanisani na nyumbani, tena kwa sauti ya kusikika. Lakini kadiri akili zake zilivyorudi, ndivyo nilivyotamani zichelewe kidogo njiani, kwa sababu kulikuwa na habari iliyokuwa ikizisubiri mlangoni. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekufa, na baba hakujua.

Acha nieleze taratibu, maana jambo hili likisimuliwa vibaya tutaonekana watu wabaya, na wabaya hatukuwa. Tulikuwa waoga.

Boma letu liko Sigalagala, ukiacha barabara kuu na kuteremka kuelekea mtoni. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yangu iko kando ya barabara, natengeneza milango, madirisha na vitanda vya wanafunzi wa chuo, na kelele za kazi hii zimenifanya mtu wa kusema kwa sauti na kukasirika upesi. Mke wangu yuko tayari kula kiapo kuhusu hilo. Kaka hakupenda vyuma. Alipenda udongo. Alinunua shamba Mautuma, kule Lugari walikokuwa wakilima wazungu zamani, akahamia na familia yake, na kila baada ya mavuno alituletea gunia la mahindi. Mama yetu alitangulia zamani, kwa hiyo baba aliishi nasi, mimi na mke wangu, pamoja na dada yake, shangazi yetu, ambaye kwa lugha ya kwetu sote tunamwita senje.

Baba alikuwa mpiga isukuti. Kwa asiyejua, isukuti si ngoma moja bali ni familia. Iko kubwa inayoitwa baba, ya kati inaitwa mama, na ndogo ni mtoto. Zinawambwa ngozi ya kenge na kupigwa zikiwa zimening'inia kwapani. Baba alipiga baba, na hilo lilitupa utani wa maisha yetu yote. Kaka alipiga mama. Mimi kitinda mimba nikapewa mtoto, na nimempiga huyo mtoto mpaka nikaota mvi. Watu walituita harusini na kwenye tohara, lakini zaidi walituita matangani. Huku kwetu mtu haendi kimya.

Baba pia alikuwa na ugonjwa wa sukari, miaka mingi. Hakuuficha. Akikaribishwa chai alisema wazi, "Mimi nina sukari yangu, ya kwenu kaeni nayo." Na sisi wanawe alituambia, "Shamba nitawagawia. Sukari nitaenda nayo peke yangu." Tulicheka. Kumbe kaka alikuwa ameshaipata, na yeye aliificha. Alikonda, akawa anakunywa maji kupita kiasi, mkewe akimuuliza anasema ni kazi ya shamba. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Alianguka akipalilia mahindi, wakambeba, akafia njiani kabla ya kufika hospitali.

Wiki hiyo hiyo baba alikuwa amelazwa Kakamega na kidonda cha mguu. Sukari ilikuwa imepanda hadi hakujua kama ni asubuhi au jioni. Daktari alituomba tusimshtue kwa wakati huo. Alisema kwa wakati huo, nilimsikia kwa masikio yangu, lakini senje alilichukua neno hilo akaligeuza kuwa sheria ya milele. "Akisikia kijana amekufa na sukari, atasema ni yeye amemwambukiza," aliniambia kwenye ukumbi wa hospitali. "Akirara na hiyo maneno hataamka. Unataka tuchimbe kaburi mara mbiri?" Nilibisha. Nilisema mzee ni mzazi, ana haki. Ikiwa senje ndiye aliyekufunza kutembea, hubishani naye kwa muda mrefu.

Tukaenda Mautuma, tukazika bila yeye. Baba alipotoka wodini swali lake la kwanza lilikuwa, "Mkubwa yuko wapi? Hajakuja kuniona." Senje akaniwahi kujibu, "Yuko Mautuma." Na huo haukuwa uongo. Yuko Mautuma hadi leo.

Basi baba alirudi nyumbani, ila tuliona kwamba hakurudi mzima. Alikaa kwenye kiti chini ya paa la mbele, mikono magotini, hasemi. Aliniita kwa jina la mdogo wake aliyekufa mimi sijazaliwa. Chakula alikisukuma pembeni, hata kuku, ile ingokho yetu ya kienyeji ambayo mtu wa kwetu huifuata hata akiwa na homa. Alikuwa na huzuni ambayo haikuwa na sababu aijuayo. Mimi sababu niliijua, na nilimpita kila siku nikienda kazini na kurudi. Wakati mwingine nilidhani mwili wake ulikuwa umepashwa habari ile na mtu mwingine, na ulikuwa ukiomboleza bila kumshirikisha yeye.

Kwenye kliniki ya sukari kulikuwa na muuguzi mmoja, mama mnene mwenye ulimi mkali, na ninamshukuru mpaka kesho. Alimpima baba, akamwangalia miguu, akamuuliza jina la siku, baba akajibu jina la mbuzi wetu. Yule mama akanigeukia mimi.

"Huyu mzee anashinda akifanya nini?"

"Anakaa."

"Anakaa kama gunia. Sukari ikikaa juu miaka na miaka, haili macho na miguu peke yake. Inakula na kichwa. Na mtu akiketi tu, na moyo uko chini, inakula haraka zaidi. Atembee. Kila siku atembee."

Nikamwambia hataki. Nimemvuta, nimemwomba, nimemfokea.

"Kumfokea ndiyo dawa gani hiyo?" akasema. "Alikuwa anapendanga nini?"

"Ngoma."

"Sasa unaniuliza nini? Mpigie."

Aliniambia pia nisitarajie makubwa. Ya zamani yanaweza kurudi, alisema, lakini mapya yatamteleza, leo yameshika, kesho yameanguka. Nikaitikia tu. Sikujua siku moja maneno hayo yangenirudia vipi.

Nilianza na redio, kwa sababu redio ni rahisi. Nikamwekea nyimbo za kwaya. Akanyoosha mkono akaizima, akarudisha mkono gotini. Jumamosi moja asubuhi nikawasha moto nje ya jikoni, nikaileta ngoma yangu ndogo, ngozi ilikuwa imelegea kwa unyevu, nikaikausha kwa joto mpaka ikaita. Nikasimama mbele ya kiti chake nikapiga. Nilijisikia mjinga kabisa, mtu mzima anampigia ngoma mzee aliyenyamaza, na mke wangu anachungulia dirishani. Nikaona kidole cha mguu wake kinasonga. Halafu kisigino. Halafu akaniangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, akasema, "Unapiga kama mtu anayetwanga njugu."

Ilikuwa sentensi nzima. Nilifurahi, kisha nikaudhika, kisha nikafurahi tena.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Asubuhi kabla ya karakana nilimtoboa kidole, tukatazama kimashine kinasema nini. Sukari ikiwa chini nilimpa kwanza ndizi, maana ikishuka zaidi anatetemeka na kutoa jasho na kuanza kugombana na watu wasiokuwepo. Halafu tunatoka. Mwanzo alitembea akipiga makofi tu, mimi nyuma yake na ngoma ndogo. Tulizunguka boma, tukapita kwenye migomba, tukateremka hadi karibu na mto na kupanda tena. Baadaye akadai ngoma yake kubwa. Nilimshonea mkanda mpana usimkate bega. Alipoivaa alinyooka, na mimi nikakumbuka jinsi alivyokuwa mrefu.

Sasa sikia kosa ambalo ni watu wa kwetu tu wanaoweza kulifanya. Isukuti mbili zinalia asubuhi kwenye boma la mzee ambaye kila mtu anajua ni mgonjwa. Unafikiri jirani atasema, loo, hao wako mazoezini? Siku ya kwanza ya ngoma kubwa tulikuwa bado hatujafika kwenye migomba nikasikia ukemi kwenye lango. Jirani yetu mmoja, bibi mzee, anaingia mikono kichwani, analia kweli kweli, machozi na kila kitu. Nyuma yake mume wake na mzigo wa kuni begani. Nyuma yao wengine, mmoja na majani ya chai, mwingine na kiti chake mwenyewe. Wamekuja kumlilia baba.

Baba akasimama na ngoma yake kwapani. "Nani amekufa?" akauliza.

Ujue, kijiji kizima kilikuwa kimekula njama nasi. Wote walijua habari za Mautuma. Nusu yao walikuja kwenye maziko. Niliwaona wakinitazama mimi, nami nikatazama miguu yangu.

"Hakuna, mzee," yule mwenye kuni akasema mwishowe. "Tulisikia ngoma, tukafikiri ni wewe."

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Nikifa mimi nani atapiga? Huyu?" Akaninyooshea kidole, wote wakacheka, na bibi akajipangusa machozi akiwa bado anacheka. Lakini yule mzee alikataa kurudi na kuni zake. Alisema kuni zilizotoka nyumbani kwenda matangani hazirudi, atakuwa anaita mkosi kwake. Akazipanga ukutani mwa jikoni na kwenda. Mke wangu hakuzigusa. Alikwenda kuokota kuni nyingine mvuani, na zile zikakaa pale kavu kabisa, zikisubiri msiba wao.

Lile ambalo lilinikosesha raha halikuwa kuni. Lilikuwa nafasi.

Isukuti ina mpangilio. Baba anaita, mtoto anakimbia chini yake, na mama anaingia katikati na kujibu. Mkiwa wawili, wenye akili hubadilisha mdundo kidogo ili pengo lisisikike. Baba hakubadilisha. Alipofika mahali ambapo mama huingia, alinyanyua mkono, akaacha. Akasubiri kipimo kamili cha jibu la kaka. Kisha akaendelea kutoka pale ambapo jibu lingeishia. Kila asubuhi. Na kila mara, katika nafasi ile, aliinamisha kichwa upande wa kushoto, upande ambao kaka alikuwa akisimama, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika.

Mwanzoni nilijiambia ni mazoea ya mikono. Lakini ukisikia ukimya uleule, mahali palepale, siku baada ya siku, masikio yanaanza kukusaliti. Nikaanza kulijua jibu lenyewe. Nikawa karakanani nakata chuma, na katikati ya kelele ile naisikia ngoma ya mama inajibu. Nikiwa nyuma ya baba kwenye migomba, nilianza kutembea nikiacha nafasi upande wa kushoto wa njia. Sikukusudia. Mke wangu ndiye aliyeniona, akaniuliza ninampisha nani.

Na baba alizidi kupona. Sukari ilitulia, hata muuguzi alishangaa akatupongeza wote wawili. Alianza kula. Alianza kutania. Aliyakumbuka majina ya wapiga ngoma wa Ikolomani waliokufa kabla ya uhuru, na majina ya watu ambao walimkodi wakamlipa pombe. Senje alikuwa akimsikiliza na kuchambua mboga, na nilimwona anachambua polepole zaidi kadiri siku zilivyokwenda. Kwa sababu maswali nayo yalipona. Zamani aliuliza, "Mkubwa yuko wapi?" ukimjibu Mautuma, amesahau kabla ya jioni. Sasa aliuliza, "Simu yake inaharibika kila siku?" Aliuliza, "Hata watoto wake hawana likizo?" Njia ya mwongo ni fupi, na sisi tulikuwa tumeitembea mpaka tukagonga ukuta.

Mavuno ya Lugari yakafika. Baba alihesabu miezi mwenyewe. "Mahindi ya Mautuma yameshakauka," akasema akiwa kwenye kiti chake. "Kijana ataleta gunia wiki hii." Akakaa anatazama njia. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sukari ikaanza kupanda ingawa chakula ni kilekile. Sikuvumilia. Nikaenda sokoni, nikanunua gunia la mahindi, nikalipakia kwenye pikipiki, nikaliteremsha mbele yake nikasema limetumwa kutoka Mautuma.

Baba hakugusa mahindi. Aliinama akapapasa mdomo wa gunia, pale lilipofungwa. Kaka alikuwa anashona gunia kwa kamba ya katani, mishono mirefu iliyolala upande, na kumalizia kwa masikio mawili makubwa ya kushikia, tangu akiwa mvulana. Lile la sokoni lilishonwa kwa uzi wa plastiki wa rangi ya samawati, mishono midogo ya haraka. Baba alipitisha kidole pole pole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akarudi kukaa, akaweka mikono magotini.

Sikuwa nimefikiria mdomo wa gunia. Nimeishi na yale magunia maisha yangu yote, nikawa naangalia mahindi tu.

Alikataa kutembea. Kesho yake alikataa tena. Nilipiga ngoma ndogo mbele ya kiti mpaka mikono ikaniuma, akanitazama kama unavyomtazama mtu anayekuuzia kitu usichokitaka. Nilimfokea, ndiyo, nilimfokea, nikamwambia atajiua kwa ukaidi. Senje alinivuta shati. Nilidhani amerudi kule alikokuwa mwanzoni, na sitaki kusema uongo hapa, kuna sehemu ndani yangu iliyoshusha pumzi.

Siku iliyofuata, jua limeshapanda, aliniita. Sauti ilikuwa safi.

"Lete ngoma ya mama."

Ilikuwa imetundikwa kwenye nyumba ndogo ya ujana wa kaka, ile aliyolala kabla hajaoa, ambayo sasa tunaweka majembe. Nikaenda kuileta. Mke wangu, bila kuulizwa, alichukua kuni za yule mzee pale ukutani akawasha moto, tukaikausha ngozi. Baba akaivaa yeye mwenyewe ngoma ya mama, akanipa mimi ile kubwa, yake.

"Ita," akasema.

Maisha yangu yote sijawahi kupiga baba. Nikaita. Nilipofika kwenye nafasi nikanyanyua mkono, na baba akajibu kwa mdundo wa kaka. Si karibu nao, wenyewe kabisa, pamoja na ule utundu wake wa kuchelewesha pigo la mwisho. Hatukutembea mbali, tulizunguka kiti tu, mzee na mimi, na senje ameketi chini mlangoni amejifunika uso kwa kanga.

Alipochoka alisimama akashika bega langu.

"Alizikwa wapi?"

"Mautuma, baba."

"Ni nini kilimwua?"

Nilimtazama senje. Alikuwa bado amejifunika. "Sukari," nikasema.

Akakaa chini. Akapangusa ngozi ya ile ngoma kwa kiganja. Nilimngojea aseme kile ambacho senje aliogopa, kwamba ni yeye amemwua mtoto wake. Hakukisema. Aliuliza, "Nani alimpigia?"

"Hakuna aliyempigia, baba. Tulikuwa watatu. Yeye alikuwa kwenye jeneza, wewe wodini. Mimi peke yangu ningepiga nini?"

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sababu mwanawe alikwenda kimya. Alimgeukia senje akamwambia, bila hasira, "Mlinifanya mgeni kwa mtoto wangu."

Kwetu, maziko yakishapita wafiwa hunyolewa. Nywele zilizokuwa kichwani wakati wa kifo haziachwi zikaendelea kukua na wewe kama vile hapakutokea kitu. Sisi tulinyolewa wakati ule, kule Mautuma, na baba alipotukuta na vichwa vitupu tulimwambia ni chawa, nasi tulikuwa watu wazima. Sasa akasema, "Leteni maji. Ninyoeni." Senje ndiye aliyemnyoa, kwa wembe mpya na sabuni, taratibu kwa sababu mtu wa sukari akikatwa haponi upesi. Nywele nyeupe zikaanguka mabegani. Alipomaliza baba alitushika mikono wote wawili. "Mimi ni mtu wa kusahau," akasema. "Nikisahau, mniambie. Msinifiche tena."

Tukaapa. Jioni alikula vizuri, mrenda na kipande cha obusuma, ugali wetu. Nami nikasema moyoni, yamekwisha.

Asubuhi nilimpelekea chai. Nilimkuta ameketi kitandani, kiganja juu ya kichwa, anapapasa kutoka utosini hadi kisogoni. Uso wake ulikuwa na woga.

"Nimenyolewa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nani amekufa?"

Maneno ya yule muuguzi yalinirudia yote kwa mara moja. Senje alikuwa mlangoni na ndoo, akinitikisia kichwa, usiseme. Neno Mautuma lilikuja mdomoni mwangu lenyewe, jepesi, na Mungu anajua nilitaka kulisema.

"Mkubwa wako, baba," nikasema.

Alilia kama mtu aliyeambiwa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa kwake ilikuwa mara ya kwanza. Nilimshika hadi alipotulia. Kisha akauliza, "Nilimpigia?"

"Ulimpigia."

"Ngoma gani?"

"Ya mama. Yake mwenyewe."

"Basi ni vizuri," akasema, akanywa chai, na tukatoka kutembea.

Ikawa hivyo asubuhi nyingi. Anaamka, anapapasa kichwa, anauliza, ninamwambia, analia, anauliza kama alipiga. Kilio kilikuwa kifupi zaidi kadiri siku zilivyosonga, au labda mimi ndiye niliyezoea. Sukari haikupanda. Senje alisema ninamtesa kaka yake, tukaacha kusemezana naye kwa muda.

Kisha asubuhi moja nikaingia na chai, nikamkuta amekaa kitandani ananitabasamia. Alipitisha mkono kichwani, nywele zilikuwa zimeota, laini, akazikuna kidogo kama mtu yeyote anayejikuna. "Leo nimemwota mkubwa wako," akaniambia. "Mwambie mkeo achinje kuku. Anakuja kutoka Mautuma."

Nilisimama pale na kikombe. Alikuwa na furaha. Tangu augue sikuwa nimemwona na furaha kama ile.

Nikaweka chai mezani, nikaenda kutafuta wembe na sabuni.